Kituo cha mafuta kando ya kisima chetu: tuandike nini, na tumpelekee nani?

BintiMnarani: Hamjambo wenzangu. Niko Kilifi. Kiwanja tunachopakana nacho kimewekwa bango: mwenyewe ameomba kibali cha kujenga kituo cha mafuta, mwenye pingamizi apeleke kaunti. Upande wetu wa ukuta, hatua chache tu, pana kisima ambacho nyumba tano twachota. Jirani aniambia nisijisumbue, maombi yashafika kwa watu wa mazingira na wao ndio wataamua. Ni kweli? Naona siku zaenda nami nimekaa tu.

MchoraRamani: Dada, lipige picha hilo bango leo. Jirani yako amechanganya milango miwili. Kibali cha ujenzi ni cha kaunti, kwa sheria ya mipango ya ardhi ya 2019. Kaunti huyasambaza maombi kwa idara za barabara, afya, maji na mazingira, nazo hupewa siku 14 za kujibu. Zikisema "hatuna pingamizi", hayo ni maoni. Uamuzi ungali wa kaunti. Mlango wa pili ni leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira ya Kenya, kwa sheria ya mazingira ya 1999, nayo hutaka ripoti ya athari. Mjenzi anahitaji vyote viwili.

MstaafuTakaungu: Nimesoma maombi ya namna hii miaka mingi, mwanangu. Afisa wa mazingira hujibu karatasi iliyo mezani. Ramani isipoonyesha kisima, kwake kisima hakipo. Mafaili ni mengi, si kila kiwanja atakikanyaga.

Kwa hiyo "tunapinga, tutaumia" haimsaidii. Mwandikieni kisima kiko mita ngapi kutoka mpakani, kina chake, maji yanasimama wapi masika na wapi kiangazi, watu wangapi wanayanywa. Pwani yetu chini ni jiwe la matumbawe, limejaa matundu. Petroli ikivuja husafiri na maji. Ulizeni: tangi lina kuta mbili? Uvujaji utagunduliwaje? Maji ya mvua yenye mafuta yataelekezwa wapi? Swali kama hilo afisa aweza kuligeuza sharti. Na mjiandae, jibu mara nyingi huwa "ndiyo, kwa masharti", basi piganieni masharti yenyewe. Nakala zipeleke kaunti, NEMA na Mamlaka ya Rasilimali za Maji, kila moja igongwe muhuri wa kupokelewa.

BintiMnarani: Shikamoo mzee, ahsante sana. Na wakishapitisha?

MchoraRamani: Ya kaunti unakata rufaa kwa kamati yake ya mipango ndani ya siku 14. Leseni ya NEMA unaipeleka kwenye Baraza la Rufaa za Mazingira ndani ya siku 60. Juni 2019 baraza hilo lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kwa hiyo wekeni kila karatasi.

MamaWatatu: Sisi tuliandika barua moja, sahihi arubaini. Tukajibiwa mstari mmoja. Kila nyumba iandike yake, kwa maneno yake. Tena peleka maji maabara sasa, kabla hawajachimba. Yakiharibika baadaye utaonyesha yalivyokuwa.

BintiMnarani: La maabara sikuliwaza kabisa. Kesho asubuhi tunashusha kamba kisimani tupime, mchana niko kaunti.