Katuni fupi ya mandari ya Idd: nini kiharibike kwanza?

Swali

Ninaandaa katuni ya dakika 4, isiyo na mazungumzo, kuhusu familia inayokwenda mandari ufukweni Dar es Salaam siku ya Idd Pili baada ya Ramadhani. Yumo bibi, wamo wazazi na watoto watatu, pamoja na jamvi, sufuria ya biriani na deli la juisi ya ukwaju. Katika rasimu yangu sisimizi wanaingia kwenye sinia, kunguru wananyakua sambusa, upepo unapeperusha kanga ya bibi, na mwishowe mvua inanyesha. Wenzangu niliowaonyesha michoro ya awali walicheka kwenye tukio la kwanza na la pili, kisha wakaanza kutazama simu zao. Je, nipunguze matukio, au mpangilio wake ndio wenye kasoro?

Jibu la 1

Kwa maoni yangu kasoro ni kwamba hakuna tukio linalozaa jingine. Linganisha katuni mbili za Disney zenye kisa kama chako. Katika *The Picnic* ya mwaka 1930, Mickey na Minnie wanajiburudisha huku wanyama wadogo wakihamisha chakula chao, halafu mvua inanyesha. Hakuna aliyekosea, kwa hiyo vituko vinafuatana tu kama shanga, na mimi nakumbuka zaidi mbwa (wakati huo akiitwa Rover, kabla hajawa Pluto) ambaye mkia wake unatumiwa kufutia kioo cha gari. *Tea for Two Hundred* ya mwaka 1948 ina nguvu zaidi, kwa sababu Donald anajitafutia balaa mwenyewe: anamwona sisimizi amebeba mzigo, naye anamrundikia chakula juu ya chakula ili amcheke. Kuanzia hapo mtazamaji anajua kwamba Donald atalipa, na anachosubiri ni kuona atalipaje. Katika rasimu yako, nani amemchokoza nani?

Jibu la 2

Mimi nimekulia pwani, na ningeifuta mvua kabisa, kwa kuwa bahari yenyewe inakutosha. Idd hiyo huja na mwezi mwandamo, na siku za mwezi mwandamo ni siku za bamvua: maji hukupwa mbali sana na hujaa juu sana, tofauti ikikaribia mita 4. Kwa Dar es Salaam na Unguja, maji ya bamvua huwa yamekupwa mnamo saa nne asubuhi na hujaa mnamo saa kumi alasiri. Familia yako ikifika saa tano itakuta mchanga mpana, mweupe, usio na mtu, na baba ataona amepata bahati ambayo wengine wote wameikosa. Bibi anauona mstari wa mwani mkavu kule juu, lakini hana la kusema. Kila picha inapobadilika, kigoda chake kimesogea hatua mbili nyuma. (Usiihamishie Idd el-Hajj, maana tarehe 10 ya mwezi maji huwa karibu na mafu, yaani hayakupwi wala hayajai sana, na wenyeji watakucheka.)

Jibu la 3

Nakubaliana na ndugu hapo juu, tena hata kwa sababu ya gharama. Dakika 4 kwa picha 24 kila sekunde ni picha 5,760, na hata ukishikilia kila mchoro kwa picha mbili, bado una michoro 2,880. Mvua inayogusa kila mhusika itakumaliza. Maji yanayopanda ni tabaka moja linalosogezwa taratibu, na msafara wa sisimizi ni mzunguko mfupi unaorudiwa. Kazi uliyookoa ipeleke kwenye uso wa baba.

Muuliza swali

Nawashukuru sana. Mvua na upepo nimeviondoa usiku huu, na kosa sasa ni la baba, ambaye anakataa kivuli cha mkungu alichoonyeshwa na bibi. Sisimizi nimewabakiza kwa sababu moja: wao hubeba chakula kuelekea nchi kavu. Maji yakishalichukua jamvi na sufuria, familia inapanda juu ikiwa imelowa na kumkuta bibi chini ya mkungu, na mbele ya kigoda chake punje za biriani zinapita kwa foleni. Sijaamua kama bibi aizuie foleni hiyo au awapishe.