Msuli wa kiuno kati ya nyonga na ubavu wa 12: kazi yake nini?

Swali (Uyole, Mbeya): Habari wakuu. Makuli wanaopakia viazi hapa wanalalamika kiuno upande mmoja tu, chini ya mbavu. Nasikia ni msuli uitwao kwadratusi lumborumu. Umekaa wapi hasa?

Jibu: Mkuu, kuna mmoja kila upande, umejificha nyuma ya figo, mbele ya misuli mirefu ya mgongo. Chini umeshika ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga. Juu umeshika ubavu wa 12 na vichomozo vya pembeni vya pingili za kiuno, kuanzia ya 1 hadi ya 4. Ukijikaza wa kulia, kiwiliwili kinainamia kulia. Tena ukivuta pumzi, unaushikilia ubavu wa 12 usipande, ili kiwambo (msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu) kipate pa kujishikiza. Hii watu wengi huisahau.

Jibu: Naongezea. Ukibeba ndoo ya lita 20 mkono wa kulia, msuli unaoteseka ni wa KUSHOTO, maana ndio unaozuia mwili usilalie kulia. Muulize kuli anabebea mkono gani, kisha bonyeza upande wa pili kwa dole gumba, pembeni ya misuli mirefu, kati ya ubavu wa mwisho na nyonga. Ndoo 2 za lita 10, moja kila mkono, zinaupumzisha sana.

Jibu: Ila figo iko jirani. Akiwa na homa, mkojo wenye damu au unaochoma, msimkande. Hospitali siku hiyohiyo.