Nimepata field kwenye taka za elektroniki, nifundishe modeli ya nini?

KijanaWaSaketi:
Wakuu habari zenu. Nasoma uhandisi wa kompyuta mwaka wa tatu hapa Dar, field nimepangiwa sehemu wanayokusanya na kuchakata taka za elektroniki, masimu mabovu, maprinta ya maofisini, TV za chogo ndo usiseme. Supavaiza aliposikia nagusagusa AI akasema bas nimtengenezee app, mtu apige picha ya kifaa imwambie hiki ni nini na kinaenda wapi. Muda wenyewe wiki chache, laptopu yangu haina GPU (chipu inayoharakisha kufundisha AI), na lile lundo kila kitu kimo. Nilitaka nishushe picha za mtandaoni nifundishe YOLO, ile modeli ya kutambua vitu kwenye picha, itambue vifaa vyote ila naogopa itakuwa ya kupendezesha ripoti tu. Mliopita huku naombeni mwongozo.

FundiGerezani:
Dogo, kujua hii simu na hii printa yule mama anayechambua getini anajua hata akiwa anasinzia, app ya nini sasa? Muulize yeye anakwama wapi. Mi nakwambia ni betri. Siku hizi zimejificha kila mahali, spika ndogo, vape (sigara za umeme), midoli, miswaki ya umeme, kitu kimegandishwa na gundi hakina hata skrubu moja, we unaingiza bisibisi kumbe ndani kuna lithiamu, ikitoboka inawaka, na ule moto unaweza ukadhani umezima ukaibuka tena. Weka kamera juu ya meza ipige kelele kabla kifaa hakijafika kwa mwenye nyundo.

Mto_Nairobi:
Fundi uko sawa lakini kamera haioni ndani ya plastiki bana. Kwa wenzetu Ulaya kuna mitambo ya eksirei juu ya mkanda ndio inaona betri, hapo yadi yenu sidhani mko nayo. Kamera ya kawaida itabidi itambue aina ya kifaa kwanza, halafu jedwali liseme aina hii betri iko upande gani. Hata Apple na ile roboti yao Daisy ya 2018, inabomoa mpaka simu 200 kwa saa, lakini ni iPhone tupu, huku kwetu lundo ni itel, Tecno na zile feki zisizo na jina. Mimi ningeenda kwa madabodi, zile bodi za saketi za ndani ya vifaa. Bodi ya simu na ile ya kahawia ya TV bei haishikani kabisa, na hapo ndo watu hupunjwa. Na kuna kapasita (vijipande vya kutunza chaji) za tantalamu watu hung'oa kando, hiyo madini ndiyo inachimbwa kule Rubaya, Kivu Kaskazini, Kongo.

BintiData:
Chagua lolote kati ya hayo mawili ila picha piga mwenyewe palepale, meza ileile na vumbi lake, zile za dukani mtandaoni zinang'aa mno zitakudanganya. Ukienda na bodi kuna dataseti (mkusanyiko wa picha za kufundishia) ya chuo kikuu cha ufundi cha Vienna ya 2015, picha 748 za bodi 165 kutoka kiwanda cha kuchakata, kwa hiyo bodi moja imepigwa zaidi ya mara moja, ukizigawa ovyo bodi ileile inakuwa kwenye mafunzo na kwenye mtihani, unapata asilimia tamu ambazo hazina maana. Gawa kwa bodi, sio kwa picha.

Ukienda na betri usishangilie asilimia ya jumla. Kati ya vifaa 100, vyenye betri vikiwa 5, modeli inayosema "hakuna" siku nzima inapata asilimia 95, na hivyo vitano ndo vya kuchoma jengo. Bora ikosee kwa kupiga kelele bure, na pale isipokuwa na uhakika iseme sijui, mtu aangalie. GPU ya bure ya Colab, ile huduma ya Google ya mtandaoni, inatosha, chukua modeli ndogo iliyokwishafundishwa uimalizie na picha zako.

KijanaWaSaketi:
Shukrani sana wakuu. Naenda na betri, nianze na spika na vape maana ndo zinakuja kwa wingi. Supavaiza yeye bado anataka app ya kila kitu, nimwambieje?

FundiGerezani:
Usimwambie kitu. Muombe akuonyeshe ile kona iliyoungua, kila yadi inayo, mengine atajimalizia. Na chogo usivunje kwa kujaribu, kioo chake kina madini ya risasi, ni sumu.