EGFR na uvimbe wa ubongo: mgonjwa aache mayai na maharage?

mpwa_wa_Pangani: Habari za humu wakuu. Shemeji yangu kafanyiwa opresheni ya uvimbe kwenye ubongo, majibu ya bayopsi yametoka ni glioblastoma, saratani ya ubongo, na wameandika EGFR imezidi, daktari kasema ni protini inayoufanya uvimbe ukue na kusambaa. Sasa shangazi zake kusikia protini wamekataza mayai, maharage, mpaka samaki, anakunywa uji mtupu na anakonda kweli. Ni sahihi? Na kama wameutoa mbona bado mionzi?

Bi_Rukia: Pole sana mdogo wangu. Mrudishieni chakula leo hii hii! EGFR haitoki kwenye sahani, seli inaitengeneza yenyewe na kuiweka kwenye ukuta wake kama swichi, ishara ya kukua ikija inawaka kisha inazimika. Kwenye glioblastoma karibu 40% ya wagonjwa jeni yake inakuwa na nakala nyingi mno, na wengine wana aina iliyokatika kipande, EGFRvIII, hiyo inawaka hata bila ishara. Mtu wa mionzi asile mayai kweli? Hapana jamani.

Kasim77: Mkuu glioblastoma ni nadra kutoka nje ya ubongo ila humo ndani inapenyapenya katikati ya seli zenye afya, daktari anakata anachokiona tu, ndo maana tangu 2005 baada ya opresheni wanaweka mionzi pamoja na temozolomaidi, dawa ya saratani. Na si EGFR peke yake, timu ya mtafiti Michelle Monje pale chuo kikuu cha Stanford, Marekani, 2015 walionyesha neva zikifanya kazi zinachochea kutolewa protini inaitwa nyuroligini-3 na uvimbe unaitumia kukua, 2017 wakapandikiza uvimbe kwa panya wasio nayo ukadumaa miezi kadhaa, mi naona hapo ndo pa kuangalia.

mpwa_wa_Pangani: Asanteni sana, nimempigia dada sasa hivi. Dawa ya kuzima hiyo EGFR ipo?

Bi_Rukia: Zipo na zinasaidia saratani ya mapafu, kwenye ubongo zimegoma, nyingi hazipenyi vizuri kutoka kwenye damu, halafu seli za uvimbe mmoja hazifanani, ukizizima hizi zile zinaendelea. Hata chanjo ya EGFRvIII, rindopepimuti, haikurefusha maisha kwenye jaribio kubwa. Angalieni kwenye karatasi kama wamepima MGMT, jeni ya kurekebisha DNA ya seli, kama hakuna muulizeni daktari, inasaidia kujua temozolomaidi itamfaa kiasi gani.