Kijana ana siku tano za kujibu barua ya kazi: atajuaje mapenzi ya Mungu?

Mwalimu_Kondele
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Nafundisha darasa la vijana kanisani hapa Kondele, Kisumu, na somo linalofuata ni kutambua mapenzi ya Mungu. Jibu la "omba tu, utajua" halitoshi, maana vijana wanaomba na bado hawajui. Nataka kutumia mfano mmoja. Tuseme binti wa miaka 26 ana kazi ya kudumu hapa, mshahara 38,000, mkopo wa sako (chama cha akiba na mikopo) haujaisha. Ameitwa Nakuru kwa 55,000, kontrakti ya mwaka mmoja, na jibu linatakiwa Ijumaa. Nawajua vijana wangu: mmoja atamwomba Mungu ishara kama Gideoni, mwingine atafungua Biblia popote aweke kidole, wa tatu atasubiri "amani moyoni". Niwafundishe nini, hatua kwa hatua?

Neno_Nakuru
Amina, mwalimu. Anza na Kumbukumbu la Torati 29:29: kuna mambo ya siri na kuna mambo yaliyofunuliwa. Yaliyofunuliwa ni mengi kuliko vijana wanavyodhani. 1 Wathesalonike 4:3 inasema wazi, "haya ndiyo mapenzi ya Mungu, kutakaswa kwenu". Basi kama binti huyo alipata ruhusa ya kwenda kuhojiwa kwa kudanganya kwamba mamake ni mgonjwa, hapo hakuna la kutambua. Atubu kwanza, ya Nakuru yaje baadaye.

Kwa mambo yasiyoandikwa, Paulo mwenyewe anaacha nafasi. Mjane, asema katika 1 Wakorintho 7:39, yu huru kuolewa na amtakaye, mradi iwe katika Bwana. Hamwambii asubiri ndoto. Na Yakobo 1:5 inaahidi hekima, haiahidi habari za kesho. Vijana wengi huomba habari za kesho, wakikosa wanadhani Mungu amenyamaza.

Sasa Gideoni. Soma nao Waamuzi 6 yote, msianzie aya ya 36. Katika aya ya 14 alikuwa ameshaagizwa aende akawaokoe Israeli, na hata anapoweka ngozi ya kondoo kwenye uwanja wa kupuria, umande uilowanishe peke yake iwe ishara, anasema "kama ulivyosema". Maana yake neno alikuwa nalo tayari, kilichopungua ni imani. Asubuhi alikamua umande bakuli tele, na bado akaomba mara ya pili, huku akimsihi Mungu asimkasirikie. Hiyo ndiyo kasoro ya ishara: ikija, moyo wenye shaka huomba nyingine.

Kuhusu kidole, wape zoezi hili. Kidole kikiangukia Yeremia 29:11, binti ataona "tumaini" na kufunga mizigo. Kikianguka aya sita juu yake, atasoma "jengeni nyumba, mkae ndani yake" na atabaki Kisumu. Ni barua ileile, kwa watu walewale waliohamishwa Babeli, na aya ya 10 inawaambia watakaa huko miaka 70. Aya isomwe pamoja na jirani zake.

Rafiki_Vihiga
Mwalimu, kanisa la Marafiki (Quakers) liko huku kwetu Vihiga tangu misheni ya Kaimosi ianze mwaka 1902, na katika mapokeo ya Marafiki kuna njia ambayo vijana wa kanisa lolote wanaweza kuitumia. Binti aandike ukurasa mmoja: jambo lenyewe, alikofikia, anachoogopa. Achague watu wanne au watano. Mmoja aongoze, mmoja aandike. Wakae saa mbili, simu zikiwa zimezimwa, na waanze kwa kunyamaza. Kisha kanuni moja inayobeba yote: wanaruhusiwa kuuliza maswali tu. Hakuna ushauri, hakuna "mimi ningekuwa wewe".

Ni vigumu kuliko inavyosikika. "Huoni kwamba kontrakti ni hatari?" ni ushauri uliovaa kanzu ya swali. Swali safi ni "Kontrakti ikiisha bila kuongezwa, mkopo utalipwaje?" au "Ukikataa, utakuwa umelinda kitu gani?" Akijibu, wanyamaze kidogo kabla ya swali lingine. Yaliyosemwa humo yabaki humo.

Huharibika pale mzazi au bosi wake anapokuwa kwenye kikao, maana binti atajibu kwa heshima badala ya ukweli. Huharibika pia akichagua marafiki wanaotaka kitu kimoja wote.

Na hesabu ni sehemu ya maombi, Luka 14:28. Tofauti ya mshahara ni 17,000 kabla ya makato. Kama Kisumu analala kwao bila kodi, na Nakuru atalipa chumba 9,000, chakula 6,000, na nauli ya kuja nyumbani, ile tofauti imeisha. Hilo halimaanishi asiende. Linamaanisha pesa haiwezi kuwa ndiyo sababu.

Mama_Milimani
Tumsifu Yesu Kristo. Niongeze kuhusu amani moyoni, kwa sababu inapotosha wengi. Yona alilala fofofo ndani ya merikebu huku akimkimbia Mungu. Bwana wetu pale Gethsemane jasho lilimtoka kama matone ya damu, naye alikuwa ndani ya mapenzi ya Baba kabisa. Utulivu wa saa moja haupimi kitu.

Mtakatifu Ignasi wa Loyola, aliyefariki 1556, alifundisha kupima mwendo wa moyo kwa muda: faraja, yaani kuvutwa kwenye imani, tumaini na upendo, na ukiwa, yaani giza na uvivu wa kusali. Wakati wa ukiwa usibadilishe uamuzi ulioufanya wakati wa faraja. Binti akitaka kuacha kazi kwa sababu ametoka kugombana na msimamizi leo, angoje.

Kwa siku tano afanye hivi. Jumatatu na Jumanne aishi kana kwamba ameshakubali. Jumatano na Alhamisi aishi kana kwamba amekataa. Kila usiku dakika kumi na mistari mitatu kwenye daftari: nini kilinisogeza kwa Mungu, nini kilinitoa, nilimtendea nani vizuri. Ijumaa asubuhi agawe karatasi sehemu nne: faida za kwenda, hasara za kwenda, faida za kubaki, hasara za kubaki. Sehemu mbili hazitoshi, maana hasara za kwenda si sawa na faida za kubaki. Kisha ajiulize angemshauri nini mtu asiyemjua mwenye jambo hilohilo.

Mwalimu_Kondele
Asante mzee, asante mama, asante ndugu. Na nabii je? Wengine watampigia simu, aseme ameona barabara ya mashariki imefunguka, na watume "mbegu", yaani sadaka, ya 2,000.

Neno_Nakuru
Unabii usidharauliwe, 1 Wathesalonike 5:20, lakini aya inayofuata inaagiza kujaribu mambo yote. 1 Wakorintho 14:29 inataka manabii wanene na wengine wapambanue. Simu ya watu wawili haina wa kupambanua. Soma nao Matendo 21: Agabo alisema kweli kwamba Paulo atafungwa Yerusalemu, ndugu wakamsihi asipande, naye akaenda. Neno la kweli lilimwandaa, halikumwamulia. Kuhusu mbegu, Elisha alikataa zawadi ya Naamani aliyeponywa ukoma, 2 Wafalme 5:16, na Gehazi mtumishi wake aliyeifuata alipata ukoma huo.

Rafiki_Vihiga
Jambo moja dogo: Jumatatu hiyohiyo apige simu Nakuru aulize kama jibu linaweza kungoja hadi Jumatatu inayofuata. Wakikataa, aulize hivi: kontrakti inaongezwa kwa masharti gani, na yameandikwa wapi? Majibu hayo ayapeleke kwenye kikao.