Ngozi ya samaki, utando wa kondo au ngozi ya mgonjwa mwenyewe: ipi kwa donda ndugu la mguu?

Mtunza_Vidonda
Wakuu, habari za kazi. Mimi ni muuguzi wa kliniki ya vidonda, mwaka wa kumi na moja sasa. Nimetoka kwenye warsha ya siku mbili ya kupandikiza ngozi ya samaki kwenye vidonda visivyopona, nikaona niyalete hapa tulinganishe.

Siku ya pili tulishika wenyewe. Kipande kinakuja kikavu na kigumu, alama za magamba bado zinaonekana. Unakilowesha kwenye maji ya chumvi ya hospitali kwa dakika moja hivi, kinalainika, unakikata kufuata umbo la kidonda, unakilaza mpaka kigusane na nyama kila mahali. Kikibaki na mfuko wa hewa au majimaji chini yake, hakishiki. Nimelirudia zoezi hilo mara tano kwenye mguu wa mfano kabla mkono haujazoea.

Ngozi yenyewe ni ya chewa wa Atlantiki ya Kaskazini, inatengenezwa Aisilandi na kampuni ya Kerecis. Seli za samaki huondolewa zote, kinabaki kiunzi cha kolajeni (protini inayoishikilia ngozi) pamoja na mafuta yake ya omega-3. Sababu ya kumchagua samaki ndiyo iliyonivutia zaidi. Hakuna ugonjwa wa virusi unaojulikana kutoka kwa chewa kuja kwa binadamu, hivyo ngozi yake haihitaji dawa kali za kuua virusi kama za nguruwe na ng'ombe. Dawa hizo kali ndizo huondoa mafuta na kuharibu vitundu vidogo ambamo seli za mgonjwa zingeingia na kujijenga.

Nilivyopanga mimi: ngozi ya mgonjwa mwenyewe bado inaongoza pale kidonda kinapokuwa chekundu, safi na chenye damu ya kutosha. Lakini unamfungulia kidonda cha pili pajani, na mwenye kisukari anaweza kubaki na viwili. Utando wa kondo la nyuma ni mzuri, ila unatoka kwa binadamu, lazima mama aliyeutoa apimwe magonjwa. Bidhaa za nguruwe na ng'ombe zipo wagonjwa wanaozikataa kwa imani zao, na hilo naliheshimu. Samaki hana shida hiyo, ila mwenye mzio wa samaki asiwekewe kabisa.

Nimekosea wapi?

Dkt_Nyayo
Dada, umeeleza vizuri, ila tuweke takwimu mezani. Utafiti uitwao Odinn, uliochapishwa 2024, ulifanyika Ufaransa, Italia, Ujerumani na Sweden kwa wagonjwa 255 wa kisukari, wenye vidonda vya mguu virefu kwenda chini, vingine vimefika kwenye mfupa. Wiki ya 16 vilikuwa vimefunga 44 kati ya kila 100 upande wa samaki, dhidi ya 26 upande wa matibabu ya kawaida. Huko nyuma kulikuwa na utafiti mdogo wa watu 102, nao wiki ya 12 ulitoa takriban 57 dhidi ya 31.

Tofauti hiyo ni kubwa na mimi naiamini. Lakini isomeni mara mbili: hata kwa samaki, zaidi ya nusu ya vile vidonda virefu havikuwa vimefunga kwa wiki 16. Mgonjwa aambiwe hivyo kabla hajawekewa kipande cha kwanza, asije akadhani amepona siku ile ile. Pia linganisho lilikuwa na matibabu ya kawaida, si na utando wa kondo. Anayesema samaki anaushinda utando wa kondo, tafiti hizo mbili hazimpi haki hiyo.

Zawadi_M
Shikamooni wataalamu. Mama yangu ana kidonda kisiginoni mwezi wa tano huu. Nimeona video za Brazil, mtu aliyeungua amefungwa ngozi ya perege mkono mzima. Perege si samaki wa kuhangaikia kumpata. Hatuwezi kusafisha ngozi yake vizuri tukaifunga nyumbani?

Mtunza_Vidonda
Marahaba mdogo wangu, pole sana kwa kumuuguza mama. Tafadhali msifanye hivyo. Ngozi mbichi ya samaki, hata uioshe kwa maji ya moto na ndimu, hubeba bakteria kama Vibrio na Mycobacterium marinum. Na kama ana kisukari, bakteria hao wanaweza kumgharimu mama mguu au uhai.

Ile ya Brazil ilianzia Fortaleza, kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Shirikisho cha Ceará na wenzao. Perege wao husafishwa kwa dawa maalumu, huhifadhiwa kwenye gliserini, na ngozi huuliwa vijidudu kwa mionzi. Kazi yake pia ni nyingine. Inafunika ngozi iliyoungua kama bandeji, inapunguza maumivu ya kubadilisha dresing kila siku, na ngozi mpya ikiota chini yake inabanduka. Ya chewa tunayoizungumzia haibanduliwi, inaliwa polepole na mwili na kuwa sehemu ya kidonda. Majina yanafanana tu.

Mama amepimwa mtiririko wa damu mguuni?

Zawadi_M
Hapana. Anafungwa tu kila baada ya siku mbili.

Fundi_Mguu
Hapo ndipo roho inaponiuma. Miezi mitano ya bandeji bila kujua kama damu inafika kisiginoni! Dada Zawadi, mkienda kliniki ombeni apimwe presha ya kifundo cha mguu ikilinganishwa na ya mkono. Kama ana kisukari, waombeni wapime na ya kidole gumba cha mguu, kwa sababu mishipa ya wenye kisukari hukakamaa na kipimo cha kifundo hutoa namba nzuri ya uongo. Damu isipofika, hata uweke ngozi ya samaki mia, zitaoza hapo hapo.

Pili, anakanyagia kidonda? Mimi kazi yangu ni viatu na plasta za kuondoa uzito, na nimeona vidonda vya miaka vikifunga baada ya plasta ngumu ya mguu mzima, bila kupandikizwa chochote. Kwenye ulinganisho wa Mtunza_Vidonda hilo halimo, nami naliweka juu ya yote. Kwa kidonda cha vena (mishipa inayorudisha damu moyoni), juu pawekwe bandeji ya kubana.

Dkt_Nyayo
Naafiki. Kipimo ninachotumia: kidonda cha mguu wa kisukari kisipopungua nusu ya eneo lake ndani ya wiki 4, huku uzito umeondolewa, nyama mfu imekatwa na maambukizi yametibiwa, ndipo nafikiria kupandikiza. Kidonda sugu kimejaa vimeng'enya vinavyokula kolajeni ya mgonjwa, na kiunzi cha samaki huvipa kitu kingine cha kula wakati seli zinajipanga. Ukikiweka juu ya usaha umevilisha tu.

Salma_Theatre
Mimi nautetea utando wa kondo. Tumeutumia kwenye vidonda vya juu juu na umetusaidia, mwembamba, unajilaza wenyewe. Ila kwenye shimo refu lenye mshipa mweupe wa kano unaonekana, nakubali samaki ana unene unaojaza. Swali: hiyo ngozi ya samaki inabadilishwa mara ngapi, na harufu je?

Mtunza_Vidonda
Tuliambiwa ikaguliwe kila wiki, na kipande kipya kiongezwe pale cha kwanza kilipoyeyuka. Utaona utelezi wa manjano juu yake. Usiukwangue ukidhani ni usaha, nami nilikuwa nitakosea hapo. Harufu ya samaki sikuisikia.

Fundi_Mguu, nimekusikia. Nina mgonjwa Jumatatu ambaye nilishamwandika wa kwanza kwenye orodha ya samaki. Nimelifungua faili lake usiku huu: wiki 4 zimepita, kidonda kimepungua robo tu, lakini bado anatembea na kandambili. Nampeleka kwako kwanza.

Zawadi_M
Nimepata nafasi ya mama kupimwa Alhamisi. Nitarudi na namba za kidole gumba.