"Big rain", "do a research": maneno ya Kiingereza yasiyokwenda pamoja

Mwandishi_Ripoti
Habari wadau. Sentensi hii imerudishwa na mhariri: "We did a research and discussed about the big rain, which did a lot of damages." Kila neno lipo kwenye kamusi. Kosa liko wapi?

Kalamu_Kavu
Yapo manne, mkuu. "Research" haihesabiki, kwa hiyo haipokei "a". Andika "did some research", au "conducted research" kama ripoti ni rasmi. "Discuss" hubeba yambwa moja kwa moja. "About" hukaa na "talk" au na nomino "discussion". Kosa hilohilo hutokea kwa "emphasize on". Mvua kubwa ni "heavy rain", lakini upepo mkali ni "strong wind". Ukivibadilisha vivumishi hivyo, msomaji atakuelewa ila atakwama.

"Damages" ndilo kosa la hatari zaidi. Yenye "s" ni fidia inayotolewa na mahakama. Hasara ya mvua ni "damage" tu, na hapo "did" iko sawa kabisa, usiiguse. "Caused" nayo inafaa.

Mama_Sarufi
Niongeze chanzo chake. Kiswahili kina vitenzi vinavyobeba mizigo mingi, hasa kufanya na kupiga. Tunafanya kosa, tunafanya uamuzi, tunafanya mtihani, tunafanya mkutano. Kiingereza kinagawa: "make a mistake", "make a decision", "take an exam", "hold a meeting". Kupiga ndiko kabisa: kupiga picha ni "take a photo", kupiga simu ni "make a call", kupiga kura ni "cast a vote".

Wengi hufundishwa kwamba "do" ni ya kazi na "make" ni ya kuunda kitu. Inasaidia kidogo, kisha inavunjika: "do harm" lakini "make an effort". Afadhali nomino uiandike daftarini pamoja na kitenzi chake tangu siku ya kwanza.

Mtego wa pili ni kile kihusishi chetu cha -a. Sababu ya, chanzo cha, suluhisho la, ongezeko la, mahitaji ya: kwetu vyote ni kitu kimoja, kinachobadilika ni ngeli tu. Ndiyo maana mtu huandika "of" kila mahali. Kwa Kiingereza ni "reason for", "cause of", "solution to", "increase in", "demand for". Kati ya hizo tano, "of" imepatia mara moja tu! Ukipitia rasimu, zungushia kila "of" duara, kisha itazame nomino iliyo kushoto kwake.

Fundi_Maneno
Kuhakiki: anza na nomino, maana ndiyo unayoijua, kisha tafuta kitenzi chake. Kwenye Google Books Ngram Viewer, zana ya mtandaoni inayoonyesha maneno hutokea mara ngapi vitabuni, andika nyota mahali pa neno usilolijua, mfano "solution * the problem", nayo itakuletea maneno 10 yanayojitokeza zaidi hapo. Kulinganisha mawili, yatenge kwa mkato: "made a decision,took a decision". Kisha badilisha mkusanyiko wa vitabu, kwanza wa Kiingereza cha Marekani, halafu wa Uingereza. "Take a decision" ni ya Kiingereza cha Uingereza, si kosa. Herufi kubwa na ndogo huhesabiwa tofauti, angalia hapo.

COCA, hazina ya matini halisi ya Kiingereza iliyoko mtandaoni, ni bora kwa sababu unasoma sentensi zenyewe. Ina maneno zaidi ya bilioni 1 ya Kiingereza cha Marekani, kuanzia 1990 hadi 2019. Soma mistari kumi hivi kabla ya kuamua. Idadi peke yake hudanganya: "make research" itaonekana, lakini ukifungua mistari utakuta "make research possible" au "make research funds available", ambapo "make" ina kazi nyingine kabisa.

Mwandishi_Ripoti
Asanteni sana. Na "there is a high possibility" na "according to me" je?

Mama_Sarufi
"Strong possibility", lakini "high probability". Maana zinakaribiana, vivumishi havifanani. "According to" ni ya kutaja chanzo kingine: mtu, ripoti, sheria. Kwa maoni yako mwenyewe andika "in my opinion" au "in my view". Kwenye ripoti, mara nyingi unaweza kuifuta kabisa na sentensi ikabaki imesimama.